Ugoro wa Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Juni 1978

Hakuna gazeti. Mpaka wa Kenya bado umefungwa, na mdogo wangu Cornel kule Kisumu hana njia ya kunitumia kitu. Zamani ilikuwa rahisi — anafunga magazeti ya Kiingereza kwa kamba, anampa mtu wa reli, yananifikia yakinuka samaki. Sasa reli yenyewe imegawanywa, na mimi niliyeizeekea nimebaki upande huu. Sijuti. Limi ni mke mwema, na hapa Samuye mtu analala usingizi. Ila nina njaa ya kusoma!

Kiswahili nasema mchana kutwa. Kisukuma nasikia. Kiluhya naota. Lakini kusoma nimezoea Kiingereza, tangu nilipokuwa karani wa stesheni. Sheria za reli nimezisoma mpaka nazikariri. Jana nimesoma karatasi ya dawa ya minyoo, mbele na nyuma. Limi akanikuta nacheka, akauliza kama minyoo inachekesha.

Kesho napanda lori la pamba niende Shinyanga. Sirudi mikono mitupu.

Jumatano, 7 Juni

Nimepata! Mhindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko anafunga, anamfuata mwanawe ng'ambo. Nilimkuta ametoa vitu nje. Chini ya majora ya kaniki — kitabu. Kinene. Jalada limeliwa na mende, jina halisomeki. Nikamwuliza anakiuza. Akasema chukua tu mzee, mimi macho yamekwisha.

Nimesoma juu ya lori njia nzima. Ni hadithi ya mauaji. Bibi tajiri wa Uingereza katiliwa sumu kwenye chai, nyumbani kwake. Ndani ya nyumba mna daktari wake, mpwa wake na mdogo wake wa kike. Mmoja wao ndiye. Mimi nimeshamjua — daktari. Nani mwingine anatembea na sumu kwenye mkoba?

Ijumaa, 9 Juni

Jana niliwapelekea wazee hadithi yangu kwenye shikome, moto wetu wa jioni. Kila jioni Bujiku, jirani yangu, anawasha moto uani kwake, wanaume tunakaa kuuzunguka, kila nyumba inaleta chakula. Nilipohamia hapa nilikuwa nakalia debe. Mwaka jana Bujiku akanichongea kigoda, akanipa mbele ya wote. Hakuna aliyetoa hotuba. Lakini mwenye kigoda pale si mgeni tena, na neno lake linasikilizwa.

Basi nikasimulia. Bujiku akauliza, ng'ombe wa marehemu anachukua nani? Nikamwambia yule hakuwa na ng'ombe, ana nyumba. Haya, nyumba anachukua nani? Mpwa. Akasema basi imekwisha, ndiye huyo, funga kitabu tule. Maduhu, jirani mwingine, yeye hakujali muuaji. Alitaka kujua kwa nini mama mzima anakunywa chai peke yake chumbani kana kwamba hana watu. Hilo kitabu hakisemi.

Jumanne, 13 Juni

Mchana nasoma kurasa chache, jioni nazisimulia. Watu wameongezeka. Hata wanawake — hawakai na sisi, ila wanajipanga nyuma ya ua wa minyaa, upande wa mama mkwe.

Huyo mama mkwe ni habari nyingine. Tulipohamishiwa kijiji kipya, wapimaji walizipanga nyumba kwa mstari kama mabehewa. Ya mama yake Limi ikaangukia ubavuni mwa yangu. Kwetu Butere mtu hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake, na huku nako wana heshima yao. Kwa hiyo tunaishi kwa kukohoa. Yeye akitoka, anakohoa; mimi naingia ndani. Nikitoka mimi, nakohoa. Yeye anageukia ukuta. Hatujawahi kusemeshana, wala kugombana.

Jana Bujiku kanikazania tena kwamba muuaji ni mpwa. Nikamwambia, sikiliza Bujiku: kama muuaji si daktari, nakurudishia kigoda chako mbele ya watu hawa, nikakalie debe langu. Wakapiga makofi. Nyuma ya minyaa nikasikia kikohozi ninachokijua.

Nimesema, na wala sina wasiwasi.

Alhamisi, 15 Juni

Nimechoka kwa hasira, ila sina wa kumkasirikia.

Jana nilikuwa Shinyanga kufuatilia pensheni. Leo nimerudi, nikaoga, nikavaa miwani, nikafungua kitabu. Hakina mwisho. Kurasa za nyuma zimechanwa moja moja, kwa ustadi, hakuna hata kipande kilichosalia kwenye uzi.

Nikamwita Limi. Akaangalia chini. Mama alipita, akasema. Alikuwa amesaga tumbaku yake, leo gulio, na hana karatasi ya kufungia ugoro. Alisimama mlangoni, hakuingia, kwa heshima yangu. Limi alikuwa jikoni anasonga ugali, akamwambia anyooshe mkono kwenye rafu, kuna karatasi za zamani. Alimaanisha ratiba za treni. Mkono wa mama ukakuta kitabu.

Hakuchukua ovyo, Limi akamtetea. Aliona kurasa za mbele zina alama za kalamu, zimekunjwa pembe, akajua hizo mkwe anazitumia, akaziacha. Akachukua zile za nyuma, safi, ambazo hujaanza kuzitumia.

Yaani kaniharibia kwa adabu!

Nikamwambia mke wangu nenda ukaziombe. Akaniuliza, nikamwambie mama kwamba amechana kitabu cha mkwe wake? Atakuwa hatoki nje. Hajui kama amekosa, Baba Mbuke, na asijue. Limi hapandishi sauti. Leo alipandisha.

Na mimi siwezi kuvuka ule ua. Basi.

Ijumaa, 16 Juni

Nimeamua. Mwisho nautunga mwenyewe. Nani atajua? Hapa anayesoma Kiingereza ni mimi peke yangu. Daktari atakimbia na atakamatwa stesheni. Stesheni nazijua, nitaieleza mpaka wasikie filimbi. Tena ni haki tupu, maana muuaji ni yeye. Natangulia tu pale kitabu kinapoelekea.

Jumamosi, 17 Juni

Jana jioni nilianza vizuri sana. Daktari kavaa koti la mtu, kafika stesheni, nikampandisha daraja la pili. Wazee wakasogea. Nikapeperusha bendera ya kijani, treni ikaanza kutembea.

Hapo Maduhu akatoa ugoro wake mfukoni, akaukunjua. Karatasi ile! Herufi zile zile ndogo. Nikanyamaza treni ikiwa katikati ya reli. Nikamwambia nipe kidogo ninuse. Wakashangaa, maana miaka yote hawajaniona nikigusa ugoro. Nikanusa, nikapiga chafya, machozi yakanitoka, na katika hayo machozi nikaipeleka karatasi karibu na moto nikasoma mistari ya juu.

Wanamzika daktari. Katiliwa sumu ile ile. Huyo ninayempeleka kwa treni ni maiti!

Nikasema kichwa kinaniuma, tutamalizia Jumapili. Bujiku akanitazama. Akasema pole, ndugu yangu. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu huyu tangu aliponipa kigoda hajawahi kuniuliza mara ya pili jambo nililomwambia.

Leo nimezunguka nyumba kwa nyumba. Mwangaluka, habari za asubuhi, naomba ugoro, na karatasi yake unipe nifungie. Pua imevimba kama ya mlevi. Lakini nimezipata karibu zote, nimezipanga kitandani kwa namba. Kila ukurasa unanuka, na kila ukurasa unanivua nguo. Daktari alikuwa mtu mwema. Aliuawa kwa sababu alikuwa ameshamjua muuaji.

Bado mmoja, wa mwisho. Mpelelezi kawaita wote sebuleni. Kasimama. Anainua mkono amwonyeshe mtu — na karatasi inaisha.

Jumapili, 18 Juni

Tumetoka kanisani, tumekula. Sasa hivi Limi kaingia na kifurushi kidogo kwenye viganja viwili, kama anavyopokea kitu cha wakubwa.

Kimetoka kwa mama, akasema.

Mama mkwe amesikia kwamba mkwe wake ameanza ugoro, na kwamba anauomba kwa watu nyumba kwa nyumba kama mtu asiye na wakwe. Ameona aibu. Kanisagia wangu mwenyewe, mkali, ametia magadi. Kaufunga kwenye karatasi aliyokuwa ameiweka kando, iliyo nzuri kuliko zote, nusu yake haina hata maandishi.

Nusu yake haina maandishi! Nikajua kabla sijaifungua.

Lakini Limi hakuwa amemaliza. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema wanawake wale wa nyuma ya ua juzi walianza kunong'ona. Mke wa Bujiku aliuliza hiyo treni imetokea wapi, mbona mzee ameanza kubahatisha. Mama akamgeukia. Akamwambia, mkwe wangu hasemi asilolijua. Akisema daktari, ni daktari. Na kama si hivyo, mimi na yeye hatuna uso hapa kijijini. Limi anasema hajawahi kumsikia mama yake akinitaja mbele za watu. Alikuwa anatabasamu akinieleza.

Nikamwomba anipishe kidogo.

Nimefungua. Nimemwaga ugoro kwenye kikombe, nimekung'uta karatasi, nimesoma. Ni mdogo wa marehemu. Yule dada mpole aliyewahudumia wageni msibani. Si mpwa wa Bujiku, wala si daktari wangu. Mistari michache, halafu weupe.

Na hakuna mtu mwingine hapa anayeweza kuisoma. Jiko linawaka. Naweza kuitia motoni sasa hivi, nikaenda nikamaliza safari ya treni yangu, askari wakamshika daktari kwenye ngazi za behewa, watu wakapiga makofi. Mama mkwe akatembea kesho kisimani kichwa juu. Uongo mdogo, wa mtu wa Uingereza ambaye hata hakuwahi kuishi. Nani ataumia?

Nimefikiri hivyo kwa muda. Naandika ili nisijidanganye kwamba sikufikiri.

Limi amechungulia. Ananiuliza mbona nakifuta kigoda vumbi, na tena kwa maji. Nimemwambia kitu cha mtu kinarudi — halafu sikumalizia. Amekitazama kigoda, akanitazama mimi, akaenda kunitafutia debe bila kuulizwa. Lilikuwa limewekewa mahindi. Nasikia anayamwaga.

Bujiku ameshawasha moto. Nasikia sauti ya Maduhu. Wamekuja wengi leo, wanataka mwisho wao.

Kurasa zote nimezitia mfukoni, ule wa mwisho juu. Nyuma ya minyaa mama mkwe amekohoa. Ameshakaa mahali pake.

Nami nimekohoa, ajue natoka. Kisha nimekohoa tena. Hicho cha pili hatujawahi kukipangia maana, mimi na yeye. Changu kinamwomba radhi kabla sijawasomea mwisho wa kweli. Nasubiri chake.