Pepo Aliyeomba Chai na Mkate

Jumatatu. Hapa Malili kuna ule upepo wa baridi wa kukata masikio, na duka langu la nafaka bado limefungwa. Wateja wawili wamegonga, wakaenda zao. Leo sina moyo wa kupima pojo.

Saa hii Ndanu angekuwa njiani kurudi shule. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, na likizo fupi ya katikati ya muhula iliisha jana. Alhamisi aliniambia kitu ambacho nilikisikia kwa sikio moja: usiku halali, chakula hakipiti, na hataki kurudi. Nikafanya ninachokijua. Nilimpigia mchungaji simu aje Jumapili amwombee, ili Jumatatu arudi shule kama wenzake.

Lakini Jumamosi kulikuwa na filamu.

Vijana wa kanisa letu waliirekodi kwa simu wakati wa likizo ya Aprili, na Ndanu ndiye aliyeandika hadithi. Walitundika shuka jeupe ukumbini, wakawasha jenereta, na sisi wazazi tukapangwa kwenye viti vya plastiki kama wageni wa harusi. Ni filamu ya kuchekesha kuhusu wasichana wa bweni, mitihani na maombi. Mimi niliketi mbele kabisa, kwa maringo, kwa sababu nilijua hadithi ni yangu.

Nilisoma shule ya bweni karibu na Zombe. Maji tulichota kwa kufukua mchanga wa mto, na muthokoi wa jioni, yale mahindi yaliyokobolewa, ulikuwa na wadudu kushinda maharagwe. Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maombi, na nikikemea, sauti ilifika sokoni. Kitanda cha juu yangu kililaliwa na Mwende, msichana wa Tseikuru, ambaye akicheka sana alikuwa anapiga chafya. Tulitumia sanduku moja la bati na ufunguo mmoja, na kopo letu la jamu tulilifungua Jumapili tu, kijiko kimoja kila mtu. Tangu wakati huo nimepata marafiki wengi. Wa kugawana naye ufunguo sijapata tena, na bado namkumbuka.

Mwaka wa mtihani Mwende alianza kusoma usiku akiwa ameweka miguu ndani ya beseni la maji baridi, ili usingizi usimshike. Wengi wetu tulijaribu tukaacha. Yeye hakuacha. Asubuhi moja, katikati ya maombi, alianguka akaanza kulia na kusema maneno yasiyoeleweka. Ikaamuliwa ni pepo. Nilimkandamiza mabega sakafuni nikakemea kwa sauti yangu yote: "Pepo, sema unataka nini!"

Na Mwende, macho yamefungwa, akajibu: "Chai. Na mkate."

Hicho kisa nimekisimulia miaka yote hii. Krismasi, harambee, hata matangani. Naigiza sauti zote mbili, na watu hushika mbavu. Watoto wangu wamekua nacho.

Ambacho sisimulii ni kwamba siku mbili baadaye baba yake alikuja na lori la mbuzi akamchukua, na Mwende hakufanya mtihani. Alikaa mbele na dereva. Nilimpitishia ufunguo dirishani, akaupokea bila kuniangalia.

Basi, pale ukumbini, Ndanu mwenyewe ndiye aliyeigiza mwenyekiti. Alikuwa amejifunga kitambaa changu cha kichwani na ameiba sauti yangu, hadi ile pumzi ninayovuta kabla ya kukemea. Nilicheka mpaka machozi. Pepo alipoomba chai na mkate, ukumbi mzima ulilipuka.

Ila filamu haikuishia pale ninapoishia mimi.

Mpishi alileta chai. Yule msichana aliinywa kwa haraka mpaka ikamwagikia sweta, akala mkate wote, kisha akasema polepole: "Sijala tangu Jumatatu. Nikimeza kinarudi. Nikifunga macho naona karatasi ya mtihani." Mwenyekiti, yaani binti yangu, yaani mimi, alibaki na mkono juu hajui auweke wapi. Tulisikia jenereta peke yake.

Nilimuuliza Mwende anataka nini, akaniambia, na sikumpa.

Aibu iliyonishika pale sijui niipimeje. Tukirudi nyumbani kwa miguu nilimuuliza Ndanu alijuaje kwamba Mwende hakuwa anakula. Nilidhani labda amempata mahali, wameongea. Alivuta zipu ya jaketi mpaka kidevuni.

"Mum, ya Mwende mimi sijui. Hiyo niliandika ni yangu. Si nilikuambia Alhamisi?"

Nilisimama kando ya barabara, malori ya Mombasa yakipita. Nikamshika mkono tu, na akaniacha niushike, jambo ambalo hajanikubalia tangu darasa la sita.

Jana nilimwomba mchungaji asije, atuombee akiwa kwake. Alisema sawa, na kwamba kule mjini Wote kuna mshauri anayeongea na vijana. Tunaenda Jumatano. Baba Ndanu, ambaye yuko kazini Mombasa, aliuliza kwenye simu kama mtoto amekula.

Ilibaki shule. Saa mbili asubuhi ya leo nilimpigia naibu wa mwalimu mkuu. Simu kama hizo nazijua: unasema malaria. Malaria haina aibu, haina maswali, na baada ya wiki moja imeisha. Nilikuwa nayo tayari kwenye ulimi.

"Mama Ndanu, mtoto ako na shida gani?"

Nikasema. Kwamba halali tangu muhula uliopita. Kwamba anaogopa mtihani mpaka mwili unakataa chakula. Kwamba si uvivu, na tafadhali mtu yeyote asimwambie ni pepo. Sauti yangu, hiyo ya kufika sokoni, ilikuwa ndogo hata mimi sikuitambua.

Nikasikia mlango ukifungwa upande wa mwalimu.

"Mama Ndanu, leo peke yake nimepigiwa simu za wasichana sita wako na malaria. Na hii baridi yote, mbu ametoka wapi? Wewe ndio wa kwanza kuniambia ukweli. Akae. Atakuja akiwa tayari."

Nilipokata simu nililia, nikaosha uso, nikalia tena.

Mwende nitamtafuta. Sijui nitaanzia wapi, na sijui kama atataka kuniona. Lakini kile kisa sitakisimulia tena mpaka yeye aniambie kinaishaje.

Sasa ni saa tano. Marehemu mama yangu angekuwa ameshammwagia mtu kikombe cha maji usoni. Nimepita mlangoni kwa Ndanu mara tatu, nikisikiliza anavyopumua.

Analala. Sijamwamsha.