Wa Mwisho Kufika Juu Ndiye Anayerusha

Mpendwa Mwalimu wangu Konsolata,

Shikamoo. Nimesubiri kidogo hapa nisikie ile marahaba yako ya kuvuta, ambayo kila mara ilifuatwa na "chomekea shati." Nimechomekea, Mwalimu. Kwa tumbo nililonalo siku hizi, hiyo si kazi ndogo.

Ni mimi, Dizeli. Jina la kanisani unalo kwenye daftari lako la mahudhurio, lakini hili nilijipa mwenyewe nikiwa darasa la tano, baada ya kuona lori la kabichi likipanda mlima bila kupumzika, na wenzangu wakalikubali kwa kuchoka kubishana na mimi. Huu ni mwaka wa pili tangu ututoke. Naiandika barua hii wazi, asome anayetaka, kwa sababu wewe hukuwahi kumsifu mtu kwa siri wala kumkanya kwa siri. Ulituweka kwenye duara, ukasema, tukasikia wote.

Kwanza habari zangu, maana najua ungeuliza. Mwanafunzi wako amekuwa mtu wa dunia. Nimeendesha malori Lusaka, Lubumbashi, Lilongwe. Naagiza chakula kwa lugha sita na kugombana kwa lugha nne. Pale mpakani Tunduma hata mbwa wananijua. Shule ilinishusha kituo cha kidato cha pili, kwa hiyo nikiandika vibaya mahali, ile kalamu yako nyekundu iache ipumzike. Nimejenga Mafiga, hapa Morogoro mjini, nina mke mmoja anayenitosha mara tatu, na binti mmoja, Zawadi, yuko darasa la tano. Barua ni yako, ila aliyenifanya nikae chini niandike ni yeye.

Unakumbuka uwanja wetu kule Mgeta? Nauliza kama vile kuna mtu anaweza kuusahau. Nimepita nchi saba na sijaona kiwanja kama kile. Upande wa juu bustani ya kabichi za shule. Upande wa chini hakuna kitu, hewa tu, halafu bonde, halafu mashamba ya njegere ya watu. Tulikuwa na goli la juu na goli la chini, na timu iliyoshambulia kwenda chini ilishinda mpaka mapumziko, halafu ikabadilishiwa upande ikafungwa yote iliyofunga. Mpira wetu wa nailoni na matambara, tuliosokota kwa kamba za mgomba, ukishatoka pale ukingoni ulitelemka kama una haraka ya kuwahi basi la mjini.

Na nani alikuwa anaufuata? Mimi. Kipindi chote cha michezo nilikuwa nauombea utoke, ili nionekane nikishuka. "Nyie kaeni!" nilikuwa napiga kelele. "Kabla hamjapiga chafya nimerudi!" Nao wanakaa. Nilikuwa na mbio kweli, Mwalimu, hilo hata wewe ulilikubali, ingawa ulilikubali kama mtu anayekubali kwamba mvua inanyesha.

Halafu ikaja ile siku. Ukungu wa Mgeta huuoni ukija, unakuta umeshafika. Nilishuka kwa mbio zangu zote, nikakanyaga jiwe lenye utelezi wa mvua, mguu ukaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Nilipofumbua macho nimelala kwenye njegere za mtu, kifundo kimevimba kama kiazi, na mpira sijui uko wapi. Nikaita. Huko juu nikasikia kicheko, na sauti ya mmoja: "Dizeli amepiga chafya!"

Nikaita tena. Wakacheka tena, lakini kidogo. Mara ya tatu hawakucheka.

Kisha nikasikia filimbi yako, na baada ya filimbi sauti zikishuka kwenye ukungu, kila mtu akitaja namba yake: moja, mbili, tatu, nne. Uliwashikisha mikono darasa zima na kuwashusha kama mnyororo. Aliyekuwa mbele kabisa ni Mwanaidi. Yule Mwanaidi mzito, mwenye hatua fupi, ambaye mimi nilimpa jina la Trela na kulitumia kila siku. Kwao kulikuwa huko huko bondeni, njia aliijua hata akifumba macho. Akainama, akanibeba mgongoni kama anavyobeba tenga la kabichi, akaanza kupanda. Njia nzima anahema. Katikati ya mlima akasema, "Leo Dizeli umepanda trela." Nikauficha uso mgongoni kwake.

Juu ukatuweka kwenye duara. Nilitegemea unionee huruma. Ukanionyesha kidole, ukasema, "Huyu amekosa mara moja, amekwenda peke yake." Halafu ukawageukia wale wengine. "Nyie mmekosa mara thelathini na tisa. Mmemwacha aende."

Kuanzia hapo ukaweka sheria ambayo sijaikuta popote duniani. Mpira ukitelemka, tunashuka wote, timu zote mbili. Tunapanda wote. Na hautarushwa uwanjani mpaka wa mwisho afike juu, na huyo wa mwisho ndiye anayerusha.

"Mwalimu," nikalalamika, nikiwa bado na mguu uliofungwa kitambaa, "si kipindi kitaisha Mwanaidi yuko njiani?"

"Basi mfikisheni mapema," ukasema.

Kwa hiyo tukamfikisha. Mimi namvuta mkono, wawili wanasukuma mgongo, yeye anatutukana kwa kupokezana. Na kwa kuwa kila mara alikuwa wa mwisho, kila mara alirusha yeye, na kufikia mwisho wa muhula hakukuwa na mtoto wa kumfikia kwa kurusha. Mpira wa Mwanaidi ulikuwa unatoka ukingoni unatua golini. Tukaanza kugombania awe timu yetu. Hayo wewe uliyaona tangu mwanzo, ila hukusema, ulikaa kwenye kile kigogo chako na filimbi shingoni, unasahihisha madaftari.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye aibu yangu.

Zawadi amechukua mbio zangu. Tangu ana miaka sita nilikuwa namtoa Jumapili asubuhi, yeye anakimbia barabarani na mimi nyuma na baiskeli, namwambia, "Usimsubiri mtu mwanangu! Wa kukusubirisha wana kazi zao!" Sheria yako niliijua kama sala, Mwalimu, na sikumpa. Nilimpa ile ya kabla yake.

Shuleni kwao, hapa mjini, yakafanyika mashindano ya kupokezana vijiti, darasa la tano A na B. Zawadi alikuwa mkimbiaji wa tatu, wa nne ni binti anaitwa Rehema, mnene kidogo, ana miwani, mpole. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, tukiwa mezani, mimi na mdomo wangu huu nikasema kwa utani, "Ukiona wa mbele yako mzito, usimpe. Maliza mwenyewe."

Akafanya hivyo hivyo. Rehema amesimama, mkono umenyooshwa nyuma, amekaza macho mbele kama alivyofundishwa, anasubiri kijiti kiguse kiganja. Zawadi akampita na kijiti chake. Akakimbia mzunguko wa pili peke yake, akafika wa kwanza kwa mbali, na darasa lao likaondolewa mashindanoni. Rehema aliendelea kusimama na mkono nyuma mpaka mbio zikaisha, maana hakuna aliyemwambia aushushe.

Niliposimuliwa nilicheka. Nikaenda kijiweni nikasimulia, wakacheka. Niliporudi nyumbani nikamkuta mke wangu ameketi mlangoni, hacheki.

"Hayo maneno ni yako, Baba Zawadi," akasema. "Ila yamekimbia kwa miguu ya mtoto."

Ndani Zawadi alikuwa amelala kifudifudi. Akasema, "Baba, nihamishe shule." Nikauliza kama wanamtukana. Akasema hapana. Akiingia kwenye mchezo wa rede, ule wa kukwepa mpira, wanaweka mpira chini, wanakaa. Akisogea kwenye kamba ya kuruka wanaiachia, wanakaa. Hawasemi kitu. Darasa zima linakaa, linamwangalia.

Mwalimu, hapo nilikusikia. "Mmemwacha aende."

Ijumaa nikaenda shuleni kwao nimevaa shati la harusini. Mwalimu wao wa michezo ni kijana mpole, nikamweleza kwamba mimi ni mtaalamu wa michezo ya kujenga timu, nimejifunzia milimani. Akanitazama tumbo. "Mzee, nakupa kipindi kimoja."

Nikawapanga watoto, nikawaeleza sheria yako yote, kwa mikono na kwa sauti. Wakanielewa vizuri. Nikauweka mpira chini, nikausukuma kidogo utelemke.

Haukutelemka. Nilisahau kitu kimoja tu, Mwalimu: mlima. Uwanja wa pale umelala sawa kama sinia. Mpira ukabingiria hatua tatu ukatulia, na mtoto mmoja akasema kwa adabu kabisa, "Mzee, mpira umelala." Wakaangua kicheko. Zawadi alikuwa pembeni, anatamani ardhi impokee.

Basi nikapandwa na Dizeli yule wa zamani. Nikarudi nyuma, nikaupiga shuti la kiume. Ukaruka ukuta, ukaingia uani kwa Bibi Shirin.

Huyo ni bibi mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ukuta wake umepakana na shule, na mpira ukiingia kwake huhesabiwa marehemu. Kicheko kikakatika. Na kabla sijafunga mdomo, nikamwona Zawadi ameshashika ukuta, mguu mmoja juu, anapanda. Nikageuka kuwaangalia wenzake. Walikuwa wanakaa. Mmoja mmoja, kimya kimya, wanakaa kwenye majani.

Nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi ambao uliwahi kusimamisha lori Kapiri Mposhi. "Shuka!" Akashuka. "Na nyie simameni! Umetelemka huo. Tunakwenda wote."

"Kwa ukuta?" akauliza mmoja.

"Kwa mlango."

Tukazunguka, mwalimu wao mbele, darasa zima nyuma, tukajaa mlangoni kwa bibi. "Shikamoo bibi!" Lile lango lilitikisika.

"Marahaba. Nani kapiga mpira kwenye embe zangu za achari?" Zilikuwa zimeanikwa kwenye mkeka, na sasa nyingine ziko kwenye mchanga.

Mimi mwenyewe, mtu wa nchi saba, nilikuwa naangalia viatu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Zawadi. "Sisi wote, bibi."

Rehema akamgeukia. Akamwangalia kwa ile miwani yake. Halafu akasema, "Ila mguu ulikuwa wa baba yake."

Bibi Shirin alicheka mpaka akashika kizingiti. "Miaka yote wanaruka ukuta kama paka," akasema. "Leo wamejua kuna mlango!" Watoto wakaokota embe, wakazisuuza, wakazipanga upya, naye akatutolea mpira wetu na mingine mitatu ya marehemu wa zamani.

Kurudi, nikawakumbusha, wa mwisho kufika ndiye anayerusha. Wakatimka. Na nani alikuwa wa mwisho, Mwalimu? Siri ya goti langu bovu ilitoka hadharani siku hiyo. Nilikuwa bado kwenye kona ya ukuta, nahema, nikamwona Zawadi, aliyekwisha kufika wa kwanza kama kawaida yake, anarudi. Rehema anamfuata. Zawadi akanishika mkono.

"Baba, ongeza gia!"

"Hana gia huyu," Rehema akasema. "Vuta, mimi nasukuma."

Nikarusha. Ulitua hatua mbili mbele yangu. Sitasema zaidi kuhusu huo mrusho.

Sikudanganyi kwamba Jumatatu walimkumbatia. Ila alipoingia kwenye rede hawakukaa. Na Jumatano alikuja nyumbani akamwambia mama yake, siyo mimi, kwamba amempa Rehema kijiti mara nne kwenye mazoezi, na mara moja kilianguka, na wakaokota wote wawili wakagongana vichwa.

Sasa aibu yangu ya pili. Siku tulipokuzika. Nasema "tulipokuzika" kwa mazoea tu, mimi sikuwepo. Mwanaidi alinipigia simu nikiwa kwenye foleni Tunduma. Akasema, "Dizeli, Mwalimu ametelemka. Tunakwenda wote." Nilikuwa na utingo wa kumwachia gari, na mabasi yalikuwepo. Nikamjibu, "Nyie nendeni, mimi mniache." Tangu hapo nimepita njia panda ya Mgeta sijui mara ngapi, nikifika naitazama ile milima kupitia kioo, nabadilisha gia, napita.

Baada ya ile Ijumaa nikampigia Mwanaidi, nikamwuliza ilikuwaje. Akasema walikuja karibu wote, wengine kutoka mbali. Wakakulaza upande wa juu wa uwanja, karibu na kabichi. Halafu wakasimama kwenye duara, na mmoja alikuwa amesokota mpira wa nailoni, wa kamba za mgomba kama ule. Wakauweka katikati.

"Nani aliurusha?" nikauliza.

"Haukurushwa," akasema. "Upo kwangu. Wa mwisho hajafika."

Jumamosi napanda, Mwalimu. Zawadi anakuja, na Rehema amepewa ruhusa kwao. Mwanaidi atatusubiri pale njia inapoanza kuwa kali, amesema safari hii hanibebi, atanivuta tu. Nitachelewa, goti sasa unalijua. Kaa hapo hapo kwenye kigogo chako, usipulize filimbi bado.

Mwanafunzi wako, wa mwisho kufika,
Dizeli