Kochi la Mshahara wa Kwanza

2 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila kidole gumba nimekipiga nyundo nikishindilia kochi la watu.

Unasema huko benki haimwamini asiyewahi kukopa, na bila kadi ya mkopo mgeni hapangishwi hata chumba. Akili za wapi hizo? Mimi nilianza na nyundo moja na mkasi butu, sidaiwi na mtu, na ndiyo maana wauza vitambaa wananiamini. Haya, ichukue. Iwe ya kuonyesha, si ya kula.

Ba'mdogo wako alipita jana. Springi ya kochi letu ikamchoma, akaruka: "Shemeji! Uliuza kiwanja cha marehemu kaka yangu umsomeshe, na hata ya sabuni haleti?" Nilinyamaza. Mtoto wa jirani anatuma kila mwezi. Nakueleza tu.

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kidole kimepoa? Mimi mzima.

Kadi nimeipata, kikomo chake elfu moja ya hela ya huku. Na kazi nimepata, naosha masufuria kwenye mkahawa wa chuo. Pita kwa wakala uchukue mia moja na hamsini, mshahara wangu wa kwanza. Nitatuma kila mwezi. Ba'mdogo asikose habari.

Mwanao

3 Septemba

Mwanangu,

U mzima? Huku tu wazima.

Hela imefika mara tano. Ile ya kwanza nilinunua kitambaa na sponji, nikalishona kochi letu upya. Miaka yote nawapamba wengine, mimi nakalia springi! Ba'mdogo wako akakaa, akapapasa mkono wa kochi, akasema, "Kumbe kijana anafanya kazi." Nilitamani asiinuke.

Lakini kuna hesabu inanikera. Vijana wangu wawili wa karakana nawalipa kwa siku, na hakuna miezi miwili malipo yao yakafanana. Wewe Juni ulikuwa na mitihani, kazini hukwenda wiki mbili: mia na hamsini. Julai ukasema mkahawa umefungwa: mia na hamsini. Nani huyo analipia masufuria yasiyooshwa?

Mama yako

28 Novemba

Mama,

Shikamoo. Unisamehe, barua yako nimetembea nayo kwenye koti tangu Septemba.

Hakuna masufuria. Kibali cha kazi hakijatoka mpaka leo. Ile hela nilikuwa naichota kwenye mashine kwa kadi, na hela ya kuchota hivyo huanza kuzaa riba siku hiyohiyo. Nimelipa kidogo kidogo kwa kupunguza chakula, kisha nikashindwa, na ndiyo maana tangu Septemba sikutuma tena. Sasa nadaiwa mia nane na tisini. Chumba nilichokitaka nimenyimwa kwa sababu ya kadi ileile niliyoichukua nipate chumba. Nalala sakafuni kwa mwanafunzi mwenzangu.

Kila nilipotaka kuacha, nilikuona umekaa unasikiliza maneno ya ba'mdogo. Tafadhali usimwambie.

Mwanao

20 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili.

Nilikasirika siku tatu. Halafu nikaipiga hesabu vizuri, nikajikuta nami nimo. Kiwanja nilikiuza mimi. Shemeji yangu ilikuwa nimjibu mimi, palepale, mdomo ninao. Badala yake nikayafunga maneno yake kwenye bahasha nikakutwisha wewe, nikasema "nakueleza tu". Halikuwa "tu" hilo. Nisamehe, baba.

Zile hela nne za mwisho sikuzigusa. Nilikuwa nakuwekea nauli ya kurudi. Ni mia sita. Kochi nimeliuza: kitambaa na sponji mia na hamsini, ufundi wangu mia na arobaini. Jumla mia nane na tisini. Iko kwa wakala. Lipa yote leo, usibakize hata senti ya kuzaa. Kisha kula. Mwezi ujao nitumie salamu tupu, na iwe salamu ya kweli.

Kuhusu ba'mdogo wako, nimekuvunjia ombi. Alikuja juzi, akakuta sebule tupu. "Shemeji, kochi liko wapi?"

Nikamwambia, "Lilikuwa la mkopo. Tulikopa, mimi na mwanangu, ili wewe ukae ustarehe."

Alicheka mpaka akatafuta pa kukalia. Hapakuwepo.

Mama yako