Babu Hakufa kwa Risasi

Jumanne jioni, Kayole.

Kumbe ni homa. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba babu yangu, askari polisi, alipigwa risasi hapa Nairobi. Kumbe ni homa tu, ile iliyofagia watu baada ya vita vya Mjerumani.

Habari hii ameileta jana usiku mjukuu wangu Wafula, naye ni polisi. Ameona jina la babu kwenye daftari kuukuu huko kazini, na chini yake askari wengine wa kambi yake, wote homa, wote wiki moja.

"Kukhu, bibi yangu, hata bunduki hakuinua," akasema akicheka, kisha kikohozi kikamkata.

Nikamwambia anyamaze. Maiti ya babu haikurudi nyumbani, wazee wakazika kigogo cha mgomba mahali pake. Ile risasi tuliiongeza wenyewe, tupate cha kujivunia.

Sasa roho yangu iko kwa Wafula. Juzi mwili ulikuwa moto, akataka kulala, nami nikamfokea, "Mwanamume wa nyumba hii hufa akiwa amesimama, kama babu." Akavaa viatu akaenda kazini. Leo pia ameenda, anatetemeka, na kwa vile nilikuwa bado nimenuna kwa habari hiyo ya babu, sikumzuia.

Nimempigia simu mara tatu. Hashiki.

Uji wa wimbi uko kwenye chupa, nimeukamulia ndimu. Akirudi nitamvua viatu mwenyewe nimlaze. Akiniuliza babu angesema nini, nitamwambia babu naye alifaa kulala.