Jumba Lisilopimika

Mpendwa Shangazi,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwa watu wote wa Kibokoni, tuliobaki na mliotangulia, kwamba mlango wa kiwanda cha barafu umepakwa rangi ya kijani. Kazi ilifanywa na wanawake wa mtaa chini ya usimamizi wa Bi Rukia jirani yako, ambaye hajapata kushika brashi maishani mwake lakini sauti anayo. Rangi haikutosha. Huku chini mlango umebaki na kutu yake, kama ulivyouacha.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Ile ndogo ni kwamba wanataka kulivunja jumba lenyewe.

Nakumbuka Ramadhani za utotoni mwangu, ukinishika mkono baada ya alasiri tukasimame foleni pale nje na gunia letu. Mashine ilikuwa ikinguruma, ukiegemea ukuta meno yanagongana. Wanaume waliburura mapande ya barafu kwa kulabu na kuyafukia kwenye unga wa mbao, yakapelekwa kwa wauza samaki. Sisi wa majumbani tulipewa vilivyovunjika. Ulijitwika gunia kichwani, maji yakikutiririka shingoni mpaka ndani ya buibui, ukaupita mtaa wa Kuze wote umenyoosha shingo kama uliyevikwa taji. Nilipokuonea huruma ulisema, "Nimefunga, mwanangu. Kurowa sikukatazwa."

Kisha watu wakanunua mafriji na mashine ikanyamaza. Mzee Hasanali, mwenye kiwanda, akaweka tende humo, panya wakashukuru. Baadaye akawakodisha watu wa video, na vijana wakawa wanaingia kutazama karate na kutoka wakipigana wenyewe. Na hao walipoondoka, ulinipitia nyumbani ukaniambia tukatazame kuta. Mimi nilidhani umri umeanza kukuchezea. Ulizunguka ndani polepole, ukapiga ukuta kwa kiganja, ukatazama juu na chini.

"Halina dirisha hata moja," ukasema. "Waliojenga walikuwa wakilikimbia jua. Hawakujua wanawakimbia wachunguliaji."

Mtu asiyekulia Mji wa Kale hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Nyumba zetu zimebanana hata jirani akipiga chafya unamwombea rehema ukiwa kitandani mwako. Arusi ikifika, wanawake huvua mabuibui wakacheza watakavyo, na mwanamume haruhusiwi hata kupitisha jicho. Ndiyo maana tulikuwa tukitundika mashuka madirishani, tukicheza huku tunachemka kama viazi. Wewe ulikwenda kwa Mzee Hasanali, ukanywa chai yake, ukamsifia mkewe, ukarudi na ufunguo. Tangu siku ile jumba likawa letu, kwa neno lake tu.

Arusi yangu ilikuwa humo. Uliniketisha pale yalipokuwa yakisimamishwa mapande ya barafu, ukanirekebisha mtandio, ukaninong'oneza, "Usitabasamu sana. Watasema ulikuwa na haraka." Nikajikaza. Kwenye picha zote nimenuna kama niliyefiwa, na wewe nyuma yangu unacheka mpaka jino la dhahabu linaonekana. Picha hizo nazitazama kwa ajili yako, si kwa ajili ya bwana arusi, ambaye mwenyewe analijua hilo na ameshazoea.

Sasa Mzee Hasanali naye amekufuata huko, na jumba limeangukia kwa Mustafa mwanawe. Kijana si mbaya. Ana adabu za babake, ila amekaa sana Nairobi na amerudi na hamu ya ghorofa. Anataka avunje ajenge maduka. Lakini hakuna ramani bila vipimo, na bila ramani hakuna ruhusa ya kuvunja. Na vipimo vyenyewe lazima mtu aingie ndani.

Hapo ndipo tulipomkalia. Kila akija na mpimaji, ndani mna shughuli ya wanawake. Nilikuwepo mara ya kwanza, nyuma ya mlango.

"Hodi," akasema.

"Nani?" akauliza Bi Rukia, naye anamjua tangu akiogeshwa kwenye beseni.

"Mustafa, bibi. Nimekuja na mpimaji."

"Wanawake wamevua mabuibui, baba."

"Wiki iliyopita pia walikuwa wamevua."

"Na wiki ijayo watavua. Huoni joto hili?"

"Sasa mimi nije lini?"

"Ukioa, baba. Tutakuja kukuchezea humu humu."

Nilisikia mpimaji akicheka. Mustafa hakucheka, lakini hakusukuma mlango. Hawezi. Mamake mwenyewe alikuwa ndani, anakunywa sharubati.

Sitakuficha, arusi zimetuishia. Tumesoma maulidi kwa mtoto aliyeota jino. Tumemuaga mke wa Omari anayekwenda Dubai, safari ikaahirishwa, tukamuaga tena kwa ubani mwingine. Wasiokuwa na shughuli huleta kofia zao wakazishonea humo, mabuibui yametundikwa msumarini ili neno la Bi Rukia lisiwe uongo. Ufunguo anaulalia kifuani, na hapo napo hapapimwi.

Usidhani ni mchezo. Jana nilimtazama Bi Rukia amekaa peke yake kwenye mkeka, hana wa kumchezea wala wa kumuaga, analinda tu. Nikaelewa kwamba sisi hatulindi kuta. Mitaa hii yote, baraza ni za wanaume, njia ni zao, hata kivuli cha asubuhi ni chao. Sisi wewe ulitupatia jumba. Nami nakuambia, Shangazi, nikiwa nimekaa pale pale uliponiketisha: hatutoki. Akija na mpimaji mwingine atatukuta, na akija na babu yake mpimaji atatukuta. Mradi mwanamume asiyetuhusu hawezi kuingia walipo wanawake, jumba hili haliwezi kupimwa, na lisilopimwa halivunjwi. Nimelifikiria kila upande na sioni tundu.

Mungu akulaze kwenye baridi uliyoipenda.

Akukumbukaye kila siku,
Mtoto wa kakako

Nimeifungua tena bahasha. Mpimaji aliyeletwa leo ni mwanamke. Yumo ndani, anapima.