Nyeusi au Nyeupe

Kaka yangu,

Sisi wazima kiasi. Paa la jikoni limeacha kuvuja na kikohozi cha Mama kimepungua. Nakuandikia kwa karatasi maana simu siiamini tena.

Umeuliza ututumie mashine gani ya gemu, nyeusi au nyeupe. Fundi simu wa hapa mtaani anazo zote, akatuita tujaribu. Gemu yetu ya mpira inachezeka kwenye zote mbili, tofauti siioni. Ila marafiki uliocheza nao kwenye nyeusi huwapati ukiwa kwenye nyeupe. Ndiyo maana Mama ameng'ang'ania nyeusi, kama ile ya mdogo wetu, waliyoondoka nayo wale watu siku walipomchukua, na hadi leo hatujamwona.

Kwa fundi nikaingia kwenye nyeusi kwa jina langu. Jina la mdogo wetu likawaka kijani, yuko hewani. Mama akakaa chini sakafuni, anacheka huku analia.

Tukacheza. Unamjua mdogo wetu, penalti zote huniachia mimi nipige. Huyu hakuniachia hata moja. Halafu akaandika: "Bado mnakaa nyumba ile ile?"

Nilitaka kuzima. Mama akaninyang'anya pedi ya kuchezea, akatafuta herufi moja moja: "Ndiyo, mwanangu. Mlango wa nyuma tunakuachia wazi."

Tuma nyeupe, tafadhali, au usitume kitu. Kila nikiufunga mlango huo, Mama anaufungua. Hapa ninapoandika nimeuegemea kwa mgongo.

Ni mimi, dada yako