Jina la Mtoto na Bia ya Chupa

Jumapili, 3 Januari 1965
Okurut karudi jana kutoka Tororo na lori la saruji, na mimi kaniletea shajara hii. Jalada jekundu! Nikamwuliza ya nini. Akasema mke wa mtu mwenye lori lazima awe na mahali pa kuandika. Akacheka mwenyewe. Nampenda akicheka hivyo, meno yote nje.

Nitaandika Kiswahili, nilichosomea upande wa Kenya. Yeye anasoma Kiteso tu, basi humu nina uhuru wangu.

Mwaka juzi alikuwa anavusha watu mpakani hapa Busia kwa baiskeli, yeye na rafiki yake Ekaju. Hata mimi alinipata hivyo — nilipanda kwenda sokoni, nikashuka karibu nimechumbiwa! Sasa lori. Nyumba ya mabati, sakafu ya saruji. Jirani yangu Peninah anasema pesa humgeuza mtu, nimchunge mume wangu, ataanza kunisalimia kwa Kiingereza. Tumecheka sana. Lakini moyoni nimeogopa kidogo. Namtaka Okurut yule yule. Nitamchunga, na dalili nitaziandika humu.

Mtoto amelala. Wiki mbili sasa, na hana jina. Namwita Mgeni.

Jumatano, 6 Januari
Dalili ya kwanza: kanunua viatu vya kung'aa. Lakini akifika mlangoni anavivua na kuvibeba mkononi, kwa hiyo sijui kama ni dalili au siyo.

Mimi nimenunua uma na visu kwa Mhindi. Mezani Okurut aliugeuzageuza uma wake, akauliza kwa upole huu ni wa kulimia nini. Kisha akamega ugali wa wimbi kwa mkono kama kawaida.

Baiskeli nimemwambia auze, inajaza baraza na ina kutu. Kakataa katakata. Mtu akipata mali anakuwa mchoyo hata wa chuma chakavu! Dalili ya pili.

Jumamosi, 9 Januari
Mama mkwe wangu, Mama Agwang, katuma salamu kutoka Buteba. Wimbi limeshachacha, Jumamosi ijayo anakuja kumpa mtoto jina. Kwetu Wateso ndivyo. Bibi anachovya kidole kwenye ajon, pombe yetu ya wimbi, anamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya marehemu wa ukoo. Jina ambalo mtoto atanyonya kidole likitajwa, hilo ndilo lake. Hata mimi nilipata hivyo langu, Alungat.

Lakini atakuja Goretti, mke wa karani wa forodha, na wenzake. Niwaweke wapi na chungu kile cha ajon, wazee wamekizunguka wakinywa kwa mirija mirefu? Nikamwambia Okurut tununue bia ya chupa. Bia ni bia. Akasema, "Mama ya mtoto ni wewe." Basi!

Okurut wa zamani angebishana mpaka jogoo awike. Pesa imemlegeza. Dalili ya tatu.

Alhamisi, 14 Januari
Ekaju alifika mchana kuuliza Jumamosi alete nini. Huyu na Okurut wamenywea mrija mmoja miaka yote, mmoja anavuta, anampa mwenzake. Nami ndiyo kwanza nilikuwa nimepaka sakafu polishi nyekundu, na miguu yake ina vumbi la barabara nzima. Nikamwomba asubiri nje. Akasema, "Hapana mama, mimi nakwenda tu. Salimia mtoto."

Jioni Okurut akauliza kwa nini Ekaju hakukaa. Nikasema alikuwa na haraka. Okurut hakula vizuri. Labda wamekosana. Wenye mali huacha rafiki zao wa zamani, Peninah alinionya! Mume wangu masikini, simtambui.

Jumamosi, 16 Januari
Nimejifungia chumbani. Nimesema mtoto ananyonya. Niandike upesi.

Wageni walikuja. Kitambaa mezani, bilauri zinameremeta. Mama Agwang akashuka kwenye lori na chungu amekipakata. Nikasema kipelekwe nyuma, jikoni. Hakukasirika. Nilipomwomba anawe kwa sabuni alinawa — tena mara mbili. Nikammiminia bia. Akachovya kidole. "Emuron," akaita, jina la marehemu mume wake. Mtoto akafumba mdomo. Akataja lingine. Mtoto akageuza uso. La tatu — akatema, akalia, povu kidevuni! Goretti akakohoa. Mama Agwang akaweka bilauri chini.

"Mtoto hana makosa," akasema. "Hawa wazee mimi naita, hii kitu hapana kunywa. Watakuja namna gani?"

Mtoto wangu asipopata jina leo, mbele ya watu wote? Awe Mgeni mpaka lini?

Okurut akasimama. Nikajua anakwenda kumgombeza mama yake. Kumbe alivua viatu, akaviacha pale kwenye sakafu yangu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikamfuata na mtoto. Jikoni, pale uani, maji yanachemka. Ekaju ameketi chini kando ya chungu! Okurut alikwenda kumchukua mwenyewe asubuhi, kwa baiskeli ile yenye kutu. Sasa akamimina maji ya moto kwenye wimbi chunguni, akiwa na suti yake, akaketi mavumbini. Ekaju akampa mrija. Okurut akavuta, akamrudishia.

Kisha Okurut akanitazama, bila hasira. "Lete mtoto, mama. Kaa na sisi."

Nikasema ananyonya kwanza. Nikakimbia.

Uma nilinunua mimi. Ekaju nilimsimamisha nje mimi. Peninah alisema nimchunge mmoja, na humu ndani tulikuwa wawili.

Nawaona dirishani. Mama Agwang ameshaketi, kidole kimelowa, anangoja. Wageni wamemfuata. Hata Goretti anauliza mrija unashikwa vipi! Mimi ndiye ninayeona haya. Nitapitaje mbele ya Ekaju?

Okurut ananiita tena, hajapaza sauti. Ekaju ameinuka. Amechukua kigoda, anakipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe, amekiweka kati yao wawili. Ni changu.

Mgeni ameamka. Halii. Anatafuta kidole. Nimevua kiatu kimoja. Hiki cha pili kimekaza —